Mvua Iliyonyesha Siku ya Sabato

Soma kwa Ajili ya Somo Hili: Kutoka 16:22–30, Kutoka 20:8–11, 16, 1 Wafalme 18:41–45, Mithali 11:1, Mathayo 12:10–12, Luka 16:10.

Fungu la Kukariri: Luka 16:10.

Fikiri juu ya mwamini mmoja anayeishi Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Amekubali kuwa mpimaji wa mvua wa kujitolea. Nyuma ya nyumba yake, mahali pa wazi palipo mbali na mikorosho, kimesimikwa kipimamvua. Kila siku saa tatu asubuhi hukiendea, husoma maji yaliyomo kwa milimita, huandika katika daftari, kisha huyamwaga ili kuanza siku mpya. Halipwi chochote. Mwisho wa mwezi karatasi yake hupelekwa kwa wanaokusanya takwimu za hali ya hewa.

Ijumaa, baada ya jua kuchwa, mvua inaanza kunyesha. Sabato saa tatu asubuhi mwamini huyu yuko kanisani, na darasa la Shule ya Sabato limeanza. Mchana mvua inarudi. Jumapili asubuhi anakuta milimita 38. Karatasi yake ina kisanduku cha Jumamosi na kisanduku cha Jumapili. Aandike nini?

Njia rahisi ni kugawa: 20 Jumamosi, 18 Jumapili. Jumla itakuwa sahihi, karatasi itapendeza, wala hakuna atakayejua. Njia nyingine ni kuandika sufuri Jumamosi na 38 Jumapili. Hapa yamefichika maswali mawili. Je, ni halali kusoma kipimamvua siku ya Sabato? Na kama hakikusomwa, mtu mwaminifu aandike nini?

Kazi Ndogo Yenye Uzito

Mtu anaweza kusema kwamba milimita chache si jambo la kusumbua dhamiri. Lakini wakazi wa uwanda huu wanajua thamani ya maji. Udongo wake ni wa kichanga, mvua huzama chini sana, na kwa vizazi vingi akina mama waliteremka mabondeni kutafuta chemchemi, kisha wakapanda mlima na mzigo kichwani. Huko kusini msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka. Ukichelewa, mahindi na mtama hudhurika. Na mvua ikija wakati korosho zinaangushwa, ubora wake hushuka. Anayeandika mvua kwa uaminifu miaka kumi anawaachia wenzake kitu ambacho kumbukumbu ya mdomo haiwezi kukihifadhi.

Si mvua peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika vijiji kadhaa vya wilaya ya Kilosa, wakulima waliochaguliwa na wanakijiji wenzao walifundishwa kutabiri viwavijeshi. Walipewa mtego wenye harufu inayovuta nondo dume, pamoja na kipimamvua. Walihesabu nondo, wakapima mvua, kisha wakawatangazia majirani kama juma lijalo ni la hatari au la. Kwa miaka mingi pia, Atlasi ya Ndege wa Tanzania imejengwa kwa taarifa za watu wa kawaida walioandika ndege waliyemwona, mahali na tarehe. Katika kazi zote hizi mtaalamu hawezi kuwapo kila mahali. Hutegemea macho ya mtu asiyemfahamu. Mtu huyo akisema uongo katika jambo dogo, jengo zima linasimama juu ya mchanga.

Mtumishi wa Eliya

Soma 1 Wafalme 18:41–45. Nchi imekaa bila mvua, na nabii anaomba juu ya Karmeli. Mtumishi wake anatumwa kutazama upande wa bahari. Anarudi na kusema hakuna kitu. Anaambiwa aende tena, hata mara saba.

Ingekuwa rahisi kwake kumfurahisha bwana wake. Nabii alikuwa ameshatangaza kwamba mvua inakuja. Kwa nini asiseme ameona dalili? Lakini alileta alichokiona, na alipokuwa hajaona kitu, alileta habari hiyo hiyo. Ndiyo maana mara ya saba, aliposema kwamba ameona wingu dogo kama kiganja cha mtu, neno lake lilikuwa na uzito. Ukweli wa siku zisizo na kitu ndio uliofanya habari ya wingu iaminike.

Je, Ni Halali Siku ya Sabato?

Waamini wanyofu hawajibu swali hili kwa namna moja. Mmoja atasema kwamba kutazama maji ya mvua ni kutazama kazi ya Muumba. Ellen G. White, katika kitabu chake Elimu, alifundisha kwamba maumbile na Maandiko hushuhudia pamoja juu ya Mungu yule yule. Kama Watafuta Njia hutembea porini Sabato alasiri na kufurahia ndege, kuna ubaya gani kusoma kipimamvua?

Mwingine atajibu kwamba kufurahia si sawa na kutimiza zamu. Anayetembea akimsifu Mungu hana karatasi inayomdai. Mpimaji ana saa yake, daftari lake na wajibu wake. Kazi isiyolipwa bado ni kazi.

Mathayo 12:10–12 inasaidia kupima hoja hizi. Yesu alizungumzia kondoo aliyetumbukia shimoni, kisha akaonyesha kwamba kutenda mema siku ya Sabato ni halali. Basi swali la kuuliza ni hili: je, kuna aliye shimoni? Kama viwavijeshi vimeonekana na kijiji jirani hakijui, kuwaonya ni tendo la rehema. Lakini usomaji wa kawaida wa mvua unaweza kungoja hadi Jumapili bila mtu kudhurika. Maji yatakuwa bado yamo ndani ya chombo. Kinachoweza kungoja, na kingoje. Israeli walijifunza hivyo jangwani: Mungu aliyetoa mana kwa kipimo alipanga pia siku ambayo hakuna wa kwenda kukusanya.

Kisanduku Kitupu

Sasa turudi Jumapili asubuhi. Kuandika sufuri Jumamosi ni kusema kwamba Mungu hakuleta mvua siku hiyo, hali bati la kanisa lilikuwa likivuma kwa mvua. Kugawa 20 na 18 ni kutoa ushuhuda wa jambo ambalo hakuna aliyeliona. Jumla sahihi haihalalishi sehemu zilizobuniwa, kama vile mizani ya udanganyifu haitakasiki kwa sababu mnunuzi ameridhika.

Ipo njia ya kweli. Jumamosi aweke mstari wa kuonyesha kwamba hakusoma. Jumapili aandike 38, na kando yake aeleze kwamba ni mvua ya siku mbili. Jambo hili si geni kwa wataalamu. Huko Australia, wapimaji wengi wa kujitolea hawasomi vipimo mwisho wa juma. Jumatatu huandika jumla, nayo hutambuliwa kuwa jumla. Ni vema mpimaji wa Newala awaeleze mapema wanaopokea karatasi zake, ili wasishangae.

Vipi kumwomba jirani, Mwislamu au Mwanglikana, asome Jumamosi? Kutoka 20:10 inamtaja hata mgeni aliye ndani ya malango, kwa hiyo mwamini asimtumie mwingine kama mkono wake wa kukwepa amri. Lakini kama jirani amejitolea tangu mwanzo kuwa mpimaji mwenzake, mwenye kazi sawa naye, basi kila mmoja anasimama kwa dhamiri yake. Tofauti iko moyoni, na Mungu anaujua moyo.

Uaminifu huu una gharama. Karatasi yenye mistari minne au mitano kila mwezi haipendezi kama ya mwenzake. Huenda mpokeaji akanung'unika. Hata hivyo, kila anayeisoma atajua kwamba mtu aliyekataa kubuni namba moja ya Jumamosi hakubuni namba za Jumanne wala Alhamisi. Daftari lake litashuhudia Sabato bila kuhubiri, na litashuhudia mvua bila kusema uongo. Amri ya nne na ya tisa ziliandikwa kwa kidole kimoja. Haiwezekani kuitunza moja kwa kuivunja nyingine.

Maswali ya Kujadili

1. Katika kazi yako, ni "kisanduku" gani ambacho watu hukijaza kwa kukisia ili taarifa ionekane kamili? Kukiacha wazi kutakugharimu nini?

2. Kikundi chenu kingechora wapi mpaka kati ya kufurahia uumbaji siku ya Sabato na kufanya kazi?

3. Kama kanisa lenu lingesimika kipimamvua kiwanjani, mngepangaje usomaji wa Jumamosi?