Mume, Mke na Gari Kuukuu la Mnada



Zamani mwanamume aliyekwenda mnadani alionekana. Alivaa koti, akaaga, akapanda matatu, na mkewe akajua alikokwenda. Siku hizi mnada unaingia hadi chumbani. Watoto wamelala, mama amelala, naye baba amegeukia ukutani, simu mkononi, anatazama picha ya Peugeot 504 iliyokaa miaka mingi chini ya mti, matairi hayana upepo, majani yameota mpaka kwenye bampa. Dakika za mnada zinazidi kupungua. Mtu asiyemjua ameongeza shilingi 5,000. Naye anaongeza. Ifikapo saa sita za usiku amekuwa mwenye gari, na aliye kando yake hajui lolote.

Jambo la namna hii limekwisha kutufikia hata hapa Tuwan, mjini Kitale, na likawaleta mume na mke mbele ya wazee wa jumuiya. Fedha zilizotumika zilikuwa za mbolea. Walikuwa wamekodi ekari moja ya mahindi nje ya mji, ilikuwa Februari, na mvua ya Machi haimngoji mtu. Wazee walidhani mama atalilia mbolea, au atalitukana lile gari. Alipoulizwa kinachomwuma alisema tu: "Nilikuwa nimelala kando yake."

Ndugu msomaji, hebu tulitafakari jibu hilo. Siku ya arusi hamkuunganishwa na pete wala na keki. Kanisa hufundisha kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya hao wawili, na ridhaa hiyo husemwa kwa sauti, mbele ya padre na mashahidi. Haitoshi kuinamisha kichwa na kunyamaza. Sasa, ikiwa siku ya kwanza ilibidi mseme kwa sauti, kwa nini leo uamuzi wa kula akiba ya mwaka mzima ufanywe kwa kidole, gizani, bila neno?

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba kupenda gari kuukuu ni dhambi. Wengi wetu tulikua tukiziona hizo Peugeot 504 ndefu zikibeba abiria kwenda Nairobi, mizigo juu, vumbi nyuma. Gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Na mwaka 1965 Joginder Singh, yule tuliyemwita Simba, alishinda mbio hizo pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika na wengine. Gari walilolichoka wenzake, yeye alilitengeneza akawaacha nyuma. Tena tangu mwaka 2003 kuna mashindano ya Safari ya magari ya zamani peke yake, na watu hutoka Ulaya kuja kushiriki. Kwa hiyo mama, mzee wako akisema kuna thamani katika chuma kile, hajarukwa na akili.

Lakini Joginder alikuwa fundi. Alijua kila msumari wa gari lake. Je, wewe ukifungua boneti unajua unachokitazama?

Picha ya simu haionyeshi kutu iliyo chini ya mazulia. Haionyeshi mlango uliozibwa kwa pati na kupakwa rangi. Hapo ukiweka sumaku haishiki. Gari la mnada huuzwa jinsi lilivyo na mahali lilipo. Nyundo ikigonga, au saa ya mtandao ikiisha, hakuna kurudi kulalamika. Mara nyingi hudaiwa robo ya bei papo hapo na salio kwa siku chache, na ukichelewa unaweza kuipoteza ile robo. Basi nenda ukalione mchana, na fundi wako wa jua kali awe nawe. Linganisha namba ya injini na ya chasisi na zile za logibuku, na uhakikishe kwamba muuzaji ataweza kukuhamishia umiliki kupitia NTSA, maana gari lisilohamishwa litabaki kuwa la mwingine hata likilala kwako miaka 10. Na litalala wapi? Wengi wa Tuwan tunakaa kwenye ploti zenye lango la kupitisha mkokoteni tu. Kisha kuna lori la kulivuta kutoka Nairobi, kilomita karibu 380.

Wengine huvutwa na minada ya Japani na Uingereza. Hao wajue kwamba sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Gari la mwaka 1978 utakalolilipia huko utaliona kwenye picha tu.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu anamtaja mtu atakaye kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kupiga hesabu kama anacho cha kumalizia. Nyumbani mwenu waketi wawili. Chukueni karatasi: bei, lori, spea, fundi, bima. Chini yake andikeni karo ya Januari na mbolea ya Machi. Kinachobaki, kama kipo, ndicho kikomo chenu mnadani, na kikomo hicho mama akijue kwa shilingi. Na asiwepo atakayefikiri kuuza ploti ya familia ili alipe salio. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu mali ya ndoa iuzwe au iwekwe rehani bila ridhaa ya wote wawili.

Nanyi akina mama, nina neno kwenu. Baba watoto akisema, "Mama, nimeona Peugeot kama ile ya marehemu baba," usicheke. Mwulize anaona nini katika gari hilo. Pengine ni baba yake anayemtafuta, wala si gari. Mwanamume anayechekwa mchana atanunua usiku.

Na wewe uliyekwisha kununua, ambaye unausoma ukurasa huu ukiwa umeficha ujumbe wa M-Pesa, usingoje siku iliyo nzuri. Mwambie leo jioni, chai ikiwa mezani na simu ikiwa imezimwa, kabla lori halijafika langoni na majirani kuanza kumpongeza kwa gari asilolijua.