Kaka Mkubwa wa Akina Origi

Jana pale Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kwenye rundo la mitumba, niliona jezi nyekundu ya Liverpool. Mgongoni: Origi, 27. Herufi moja ilikuwa imeanza kubanduka. Muuzaji akanikumbusha lile bao la Divock Origi katika fainali ya Ulaya, Madrid, 2019. Hata baba wa Divock, Mike Okoth, muuzaji alimjua: alitwaa ubingwa wa Ubelgiji na Genk mwaka 1999.

Nikamuuliza, "Na Austin Oduor je?"

Akatikisa kichwa.

Austin ni kaka mkubwa wa Mike. Desemba 1987 alikuwa nahodha wa Gor Mahia. Walitoka sare ya 2-2 na Espérance kule Tunis, wakarudi Nairobi wakapata 1-1, wakabeba Kombe la Washindi Afrika kwa bao la ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la Afrika.

Sisi wa Kariakoo tunajua uzito wake. Simba walifungwa fainali ya Kombe la CAF nyumbani mwaka 1993. Yanga, 2023, walilikosa la Shirikisho kwa bao hilohilo la ugenini, na mtaa wa Jangwani ukanyamaza.

Alichokifanya Austin, sisi hatujakifanya bado. Inaniuma kwamba jina lake halitajwi.

Nilimsimulia yule kijana muuzaji habari yote. Akaacha kukunja jezi, akasema, "Rudia hilo jina, mzee."

Austin Oduor.