Mkaguzi na Zawadi

Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Meksiko, watu 11 wakafa, na mafuta yakamwagika baharini siku 87. Msiba huo wajulikana. Sisi twataka kunena habari za wakaguzi. Idara ya Serikali ya Marekani iliyopaswa kukagua mitambo ndiyo iliyokusanya pia fedha za mafuta: yaani mchungaji na mnunuzi wa ngozi ni mtu mmoja! Tena mkaguzi mkuu wa wizara alikwisha kuonyesha, mwaka 2008, kwamba watumishi wa ofisi moja huko Colorado walipokea zawadi na karamu za makampuni. Mwaka 2010 akaonyesha mambo kama hayo kwa wakaguzi wa Louisiana: safari za kuwinda na tiketi za michezo. Hatusemi kwamba tiketi ndiyo iliyolipua mtambo. Lakini nani atamkaripia mtu aliyemkaribisha mezani jana? Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, chakataza zawadi ya namna hiyo, wala hakikutaja kipimo chake.

Idara ile ilivunjwa, na kufikia mwaka 2011 kazi zake mbili zilikuwa zimetengwa. Nanyi wazazi, ikiwa mwanenu ni karani wa forodha au mkaguzi wa mizani, mwulizeni leo jioni: mbuzi yule wa Noeli alitoka kwa nani?