Ua Ndani ya Kasha la Kioo

Iko jamii ya okidi iitwayo Dracula, ambayo asili yake ni misitu ya ukungu kwenye miteremko ya milima ya Andes, hasa nchini Colombia na Ecuador. Jina hilo humkumbusha mtu hadithi ya mnyonya damu, ingawa kwa Kilatini halina maana zaidi ya kijoka. Ua lake huning'inia likitazama chini, lina mikia mitatu mirefu, na katikati mna kidomo chenye mikunjo mfano wa uyoga, tena chenye harufu ya uyoga. Vijinzi vinavyoishi kwa uyoga huhadaika, vikaingia, vikatoka vimebeba chavua pasi na kupata chochote.

Ua hili limewateka watu wengi wa Ulaya na Marekani, wakataka kulifuga majumbani mwao. Hapo ndipo yanapoanza mashaka. Okidi nyingi zina shina lililovimba chini, mnamowekwa akiba ya maji, hili halina. Mchana mmoja wa joto kavu watosha kulinyausha. Basi mwenye nalo hulijengea kasha la kioo, akatia chombo cha kupulizia ukungu na feni ya kuzungusha hewa, akatafuta maji ya mvua kwa kuwa ya mfereji yana chumvi nyingi, na usiku ukiingia akahangaika kulipatia baridi. Hata chungu hakifai: kikonyo cha ua huteremka chini kupitia mizizini, kwa hiyo mmea hutiwa katika kitundu chenye nafasi, ili ua lipate pa kutokea. Wafugaji husema kwamba linadeka.

Neno hilo lafaa kupimwa. Mtoto hudeka kwa wazazi wake. Mgeni aliyeletwa bila kuulizwa, akaomba chakula alichozoea kwao, je, naye adeka? Kule mlimani, juu ya tawi lililofunikwa na utando wa kijani, hakuna anayelipulizia maji ua hili wala anayelipimia joto, nalo huchanua. Shida haimo ndani ya ua. Imo katika safari iliyolitoa ukunguni ikalileta sebuleni, na aliyeamua safari hiyo ndiye huyo huyo anayelalamika. Asumini ya mwambao, iliyopandwa kwenye debe karibu na mlango, haiitwi yenye kudeka, kwa sababu hewa ya kwao ndiyo hewa ya mwenye nyumba.

Mtu aweza kujibu kwamba mahangaiko yote hayo ni dalili ya mapenzi. Huenda ikawa kweli, lakini historia ya mapenzi hayo haipendezi. Katika karne ya 19 matajiri wa Uingereza walishikwa na wazimu wa okidi. Wafanyabiashara kama Frederick Sander walituma watu Amerika ya Kusini na Asia, na miti mizima ilikatwa ili zichumwe okidi zilizokaa matawini. Nyingi zilikufa melini. Zilizofika ziliuzwa mnadani, na waliozinunua waliona kuwa wanazipenda.

Ni haki kusema kuwa mambo yamebadilika. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina chakula ndani yake, na porini haioti isipokuwa ilishwe na kuvu. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani alionyesha kwamba yaweza kuoteshwa chupani juu ya rojo yenye sukari, bila ya kuvu. Kisha ukaja mkataba wa mwaka 1973 wa kudhibiti biashara ya viumbe vya porini, ambao umezihusu okidi zote. Kwa hiyo anayenunua leo mche uliozaliwa chupani, wenye hati zake, hawezi kuitwa mwizi. Anachobaki nacho ni deni la namna nyingine: amekubali kumiliki kiumbe ambacho umeme ukikatika siku mbili huenda kikafa, na ambacho hakiwezi kumwacha hata yeye akikichoka. Wengi hukichoka.

Dai lililo zito zaidi ni la wale wasemao kwamba wanaliokoa ua, maana misitu inakwisha. Katiba ya Ecuador ya mwaka 2008 iliyatambua maumbile kuwa yenye haki zake, na mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikazuia uchimbaji wa madini katika msitu wa Los Cedros, ambao ni makazi ya okidi hizi. Waliotetewa pale si maua peke yake. Ni ukungu, miti, nyani na vyura, kila kimoja kikiwa mahali pake. Kasha la kioo haliwezi kudai limeokoa hayo. Limehifadhi mwili wa ua, na kazi ya kijinzi ikabaki ifanywe kwa kijiti na mkono wa mtu, kama ifanywavyo kwa ua la vanila, okidi ya Mexico, katika mashamba ya Unguja.

Afugaye kwa kuvutiwa, akalikiri hilo, hana kosa kubwa. Feni huzunguka, ukungu hupulizwa, na ua likifunguka kioni hutoa harufu yake ya uyoga vilevile, ikavizunguka vioo vinne bila ya kijinzi hata kimoja cha kuifuata.