Kabla Hujamwachia Mwingine Akusimamie Kortini

Kila ninaposikia wakazi wa mtaa fulani wa Kitengela wanachanga pesa ili watu watatu wanne waende kortini kwa niaba ya wote, nawakumbuka wafugaji wa Iloodo-Ariak. Hiyo ni sehemu ya Kajiado hii hii yetu. Tume ya Ndung'u, iliyochunguza unyakuzi wa ardhi ya umma, iliitaja pamoja na sehemu ya Mosiro katika ripoti yake ya mwaka 2004. Ardhi ambayo wenyeji walipaswa kugawiwa ilikutwa imeandikishwa kwa majina ya watu wasioishi huko.

Kinachonitia hofu ni kwamba njia iliyotumika ilikuwapo kwenye sheria. Sheria ya Uamuzi wa Ardhi, Sura ya 284, inataka kamati ya wakazi wasiopungua kumi iamue maswali inayoletewa kuhusu madai ya wenyeji. Mipaka hupimwa, rejista huandikwa, kisha huwekwa wazi kwa siku 60 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Siku hizo zikiisha bila wewe kusema lolote, rejista inasonga mbele bila wewe. Na wakati shughuli inaendelea huwezi hata kukimbilia mahakamani kuhusu ardhi hiyo, mpaka afisa anayeisimamia akupe kibali kwa maandishi. Kwa hiyo wazee wachache wa kamati ndio waliobeba sauti ya maelfu.

Dalili za hatari katika jambo kama hili hazijifichi, ndugu msomaji. Mgeni ambaye hajawahi kulisha hata ndama mahali pale anapopimiwa kipande, hiyo ni dalili. Orodha inapokaa ofisini na hakuna anayeisoma kwa sauti barazani, kwa lugha ambayo mama mwenye boma anaielewa, hiyo ni dalili kubwa zaidi. Mjumbe anapoulizwa na kujibu, "Tulieni, jambo lenu tunalishughulikia," basi hapo ndipo pa kusimama na kudai kuona karatasi. Lakini kumwuliza mzee wetu maswali makali huonekana utovu wa adabu. Tunanyamaza kwa heshima. Mimi na wewe, tuliosoma na kuzoea ofisi, tungeweza kujikwaa pale pale, kwa sababu sisi pia tunaona haya kumhoji mtu tuliyemchagua wenyewe.

Leo mlango wa mahakama umepanuliwa sana. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipokwenda kortini kupinga jumba refu lililotaka kujengwa katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, kesi yake ilitupwa kwa hoja kwamba hakuwa na haki ya kushtaki. Katiba ya 2010, kifungu cha 22, ikaondoa kikwazo hicho. Haki za msingi zikikiukwa, mtu anaweza kushtaki kwa niaba ya kundi, au kwa masilahi ya umma. Kanuni zilizotolewa mwaka 2013 zikaongeza kwamba mahakama inaweza kupokea hata barua ya kawaida au malalamiko ya mdomo. Matunda yake tuliyaona Owino Uhuru, Mombasa, ambako watu wachache walisimama kwa niaba ya kijiji kilichoathiriwa na sumu ya risasi. Mwaka 2020 walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

Marekebisho hayo nayashukuru kwa moyo wote. Hata hivyo yalishughulikia zaidi nani aruhusiwe kuingia mahakamani. Swali la nani amchunguze huyo anayeingia kwa jina la wengine, bado hatujaliweka sawa. Kwa kesi za kawaida za madai, Kanuni za mwaka 2010 zinamruhusu mtu mmoja kushtaki kwa niaba ya wengi wenye madai yale yale, mradi wapewe taarifa. Wakiwa wengi mno kufikiwa mmoja mmoja, mahakama inaweza kuelekeza itolewe kwa tangazo la umma. Sasa fikiria tangazo dogo gazetini, kwa Kiingereza, siku ambayo wewe uko malishoni Isinya au kazini Nairobi. Ukija kushtuka, huenda hukumu imeshatoka. Na kama waliokuwakilisha waliendesha kesi kwa nia njema wakashindwa, sheria yaweza kukuhesabu kuwa nawe umeshindwa, usiweze kufungua kesi ile ile upya.

Wenzetu wa Scotland, kwa mfano, walitunga sheria yao ya kesi za makundi mwaka 2018. Huko mwakilishi lazima aidhinishwe na mahakama kwanza, na katika utaratibu wanaoutumia sasa hakuna anayeingizwa kwenye kundi bila ridhaa yake. Wachuma chai wa Kericho waliodai kuumia migongo ni miongoni mwa walioitumia njia hiyo, huko huko Scotland, dhidi ya mwajiri wao. Bunge letu na wanaotunga kanuni za mahakama wanaweza kutuwekea ulinzi wa namna hiyo, na wahakikishe taarifa inatolewa barazani, kanisani, msikitini na redioni, kwa Kimaasai na Kiswahili.

Hadi hapo ulinzi huo utakapokuja, tulindane wenyewe. Ukiambiwa jina lako limo katika kesi, omba namba ya kesi. Usitie sahihi karatasi tupu, wala karatasi ambayo hujasomewa ikaisha. Mkutane na wakili nyote, mjue analipwa kiasi gani na fidia ikipatikana itagawanywaje, na hayo yaandikwe. Kisha fungeni safari hadi masijala ya mahakama ya Kajiado, mwombe kuiona faili, na mtafute majina yenu kwa macho yenu. Mkikuta kesi imefunguliwa kwa niaba yenu na hamna imani na aliyeifungua, kanuni zinawaruhusu kuiomba mahakama iwaingize kama wahusika kamili. Fanyeni hivyo mapema, kesi ikiwa bado hai.