Karibu Kwenye Meza ya Kulipia

Mtu akiwa anakula na mwingine akatokea, husema, "Karibu." Aliyefika hujibu, "Asante, endelea," au "Starehe," na mambo huishia hapo. Nyumbani neno hilo halina utata, maana chungu kipo jikoni na sahani zipo. Utata unaanza tunapolisema mgahawani, kwenye benchi la mbao karibu na stendi ya Moshi au pale sokoni Mbuyuni, mbele ya bakuli la mtori ambalo kila mmoja amelilipia mwenyewe. Tunamkaribisha mtu tusiyemjua kwenye chakula kilichopimwa kwa ajili ya mtu mmoja. Je, tunasema kweli? Au ni adabu tu ya mdomo, na kama ni ya mdomo tu, Mkristo aizoee kwa sababu gani?

Wapo watakaosema swali hili ni dogo mno kwa kitabu cha imani. Lakini wengi katika sharika zetu siku hizi hula chakula cha mchana mgahawani karibu kila siku ya kazi: bodaboda, wauza mitumba wa Kiborloni, makarani, walimu, mafundi, wapagazi wa mlima. Kama imani yetu haina la kusema kwenye benchi lile, basi inanyamaza katika sehemu kubwa ya milo yetu.

Tuanze na mtori wenyewe. Ndizi mbichi, na hasa mshare, humenywa, zikachemshwa pamoja na nyama ya mfupa hadi zikalegea, kisha zikapondwa kwa mwiko mpaka supu ikawa nzito kama uji. Huku migombani hiki ni chakula cha mzazi. Mwanamke aliyejifungua hukaa ndani akitunzwa kwa wiki nyingi, analetewa mtori na mama mkwe, na mawifi, na majirani, wala hakuna anayemwandikia deni. Nyama nayo ilikuwa na utaratibu wake. Mbuzi akichinjwa, kila kipande kina mwenyewe kwa kufuata ukoo, na kumpa mtu kipande kisicho chake ilikuwa ni kutafuta ugomvi. Chakula kilikuwa kinasema nani ni nani kwa nani. Mjini bakuli lilelile linauzwa kwa yeyote mwenye hela. Haulizwi ukoo wake, wala kama anatoka Machame au Rombo.

Mchungaji Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyekuja Kilimanjaro mwaka 1902 na ambaye jina lake limeshikamana na Old Moshi, aliliogopa jambo hili. Aliamini kwamba Mungu amewafunga watu pamoja kwa ukoo, kwa ujirani na kwa rika, na kwamba fedha na maisha ya mji vingekata vifungo hivyo. Hakukosea. Anayekula peke yake akitazama simu, akalipa na kuondoka bila kumsemesha mtu, ndiye yule aliyemhofia. Hata hivyo tunaona upande mwingine. Meza ya ukoo ina mlango, na mgeni asiye na kipande chake katika yule mbuzi alibaki nje. Kwenye benchi la mgahawa, Mpare, Mmasai, Msambaa na Mchaga wanakaa bega kwa bega, na anayenawa kwanza ni aliyefika kwanza. Fedha ilifungua mlango ambao ukoo ulikuwa umeufunga. Kisha ikaufunga kwa asiye nayo.

Hata hivyo lugha yetu haijakubali kwamba pale ni mahali pa fedha tu. Yule mama tunamwita mama ntilie, yaani "mama, nitilie." Hatukumwita mama niuzie. Ni ombi la mtoto mwenye sahani mkononi, na mtu mzima mwenye noti mfukoni analitumia kila siku bila kuona ajabu. Mambo kama haya yapo kwingine pia. Japani kuna migahawa midogo ya supu ya tambi iitwayo ramen, na katika mingi mteja hununua tiketi kwenye mashine kabla ya kuketi. Hesabu imekwisha kabla hajaonja. Lakini bakuli likiwekwa mbele yake husema "itadakimasu," neno la kupokea kwa unyenyekevu. Amelipa, na bado anapokea. Sisi tunaoinamisha vichwa kuombea chakula tulichonunua tunafanya hivyohivyo, na ni vizuri tujue tunachofanya. Bei imelipa ndizi, nyama, mkaa na jasho la mama, tena mara nyingi kwa kupunja. Haijalipa mvua iliyootesha mgomba. Nabii Isaya anafika mbali zaidi: anawaita wasio na fedha waje wanunue, kana kwamba kununua na kupewa vinaweza kuwa jambo moja.

Wasomaji wetu wa huku hawapaswi kushangazwa na hilo, maana mnada wa baada ya ibada tunaujua. Mkungu wa ndizi uliotolewa sadaka unanadiwa uani. Aliyeununua anaurudisha unadiwe tena, au anampa mgeni, au mzee asiye na mtu. Mkungu mmoja unauzwa na kutolewa mara tatu, na hakuna anayeuliza kama ni biashara au zawadi.

Sasa turudi kwenye "karibu." Mchana mmoja wa masika, mvua ikiwa imesukuma watu ndani ya mgahawa mmoja wa mjini, dereva wa lori alimwambia mzee aliyekuwa amejikinga mlangoni, "Karibu, mzee." Mzee akajibu, "Nimekaribia, mwanangu," akanawa mikono, akaketi. Benchi zima likanyamaza. Jibu lile lipo katika lugha, lakini pale halikutazamiwa. Dereva akalitazama bakuli lake, akalisogeza katikati, akamwomba mama kijiko cha pili na ukawa mmoja wa nyongeza. Usoni alikuwa na haya kidogo, kama mtu aliyeshikwa kwa neno lake. Wakala, wakazungumza habari za barabara ya Himo.

Kwa maoni yetu jibu la swali liko hapo. "Karibu" ni ahadi ambayo mara nyingi haidaiwi, na ahadi isiyodaiwa si uongo. Inageuka uongo siku anapotokea wa kuidai, nasi tukaangalia pembeni. Tena kuna uongo wa pili, uliofichika zaidi, nao ni kuchagua wa kumwambia. Wapo wanaotazama viatu kwanza. Mwenye viatu vizuri, ambaye hakika atasema "asante, nimeshiba," anakaribishwa kwa sauti. Mwenye ndala zilizokatika anapita kimya kimya. Bwana Yesu aliyesema tuwaalike wasioweza kutulipa alijua desturi hiyo.

Tunajua pingamizi: Paulo aliwaonya Wathesalonike juu ya watu wasiotaka kufanya kazi, na stendi inao. Lakini Paulo alisema juu ya wasiotaka, si juu ya wasiopata, na mtu aliyejikinga mvua mlangoni hatuwezi kumpima kwa kumtazama. Tena katika waraka huohuo Paulo anakumbusha kwamba yeye mwenyewe hakula chakula cha mtu bure. Aliwafikiria waliompikia.

Na hapo ndipo ukarimu wetu unapohitaji kuchunguzwa. Si vigumu kusema, "Mama, mtilie na huyu, nitakupa kesho." Anayelipa ukarimu huo, kesho isipofika, ni mama. Ana daftari lake, lenye majina na mistari. Wapagazi wanapanda siku sita au saba na kulipa wakishuka, na hao anawajua, anawasubiri. Wengine hubadilisha njia ili wasipite mbele ya mgahawa. Muuza nyama hamsubiri mama, wala muuza mkaa. Jumapili mtu mwenye mistari minne katika daftari lile anaweza kusimama uani na kuupandisha mkungu hadi bei ya kushangiliwa, nao wanaoshangilia hawajui. Mama anajua. Yuko palepale kati ya kina mama wenzake, na anapiga makofi.