Mama wa Mika na Laana Yake



Kitabu cha Waamuzi 17 kinatuonyesha mama mmoja aliyeibiwa vipande 1100 vya feza. Akamlaani mwizi. Mwizi ni nani? Ni mwana wake Mika, tena alikuwapo akisikia! Akamwambia mama: feza hiyo iko kwangu, mimi ndiye niliyeichukua. Mama hakungoja wazee waitwe, palepale akambariki. (Kisha akatoa vipande 200 kwa mfua feza afanye sanamu. Hapo tusimfuate.)

Kwetu ni kinyume. Kijana anakosa kazi, mke wake hazai, anakwenda kwa mtu wa maono, anaambiwa: mama yako ndiye anakufunga. Anarudi, anamfukuza mjane aliyemzaa. Je, alimuuliza hata neno moja?

Na ninyi akina mama, mwana akikosa mnamtajia maziwa aliyonyonya, mnaapa hatafanikiwa. Mkifa, neno hilo nani ataliondoa?

Mama uliyelaani, umwite mwanao leo jioni, uliondoe kwa kinywa chako. Kijana, usingoje kuitwa. Mashemasi tutakuja kukaa nanyi mkitaka.